Kununua gari lililotumika wakati hujui magari: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. Mtu anatuma picha tatu, zote zimepigwa upande mmoja wa gari, halafu anauliza: "Rangi safi, kilomita chache, nichukue?" Mwingine ameshalipa ndipo anauliza ile taa ya njano kwenye dashibodi maana yake nini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio wa kufuatwa.

Jambo moja kabla hatujaanza. Huna haja ya kugeuka fundi ndani ya wiki moja. Kazi yako ni kuyakataa magari mabovu mapema na bila gharama, ili fundi utakayemlipa apime gari moja au mawili, si saba. Karibu kila kitu kilicho hapa chini kinafanywa kwa macho, pua, masikio na vidole.

Andaa haya kwanza

- Pesa iliyogawanywa mara mbili. Usitumie yote kwenye bei ya gari. Tenga angalau sehemu moja ya kumi kwa ajili ya oili, filta, matairi, bima, uhamisho wa umiliki na yale ambayo hayakuonekana. Gari lililotumika likikosa la kurekebisha katika mwezi wa kwanza, shukuru.
- Fundi asiyejuana na muuzaji. Mtafute kabla ya gari, mkubaliane malipo ya kupima tu. Fundi anayeletwa na dalali ni wa dalali.
- Tochi, tishu nyeupe, kipande kikubwa cha kadibodi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, kalamu na karatasi.
- Mtu wa kwenda naye. Hata kama naye hajui magari, atakuwa nyuma ya gari akiangalia moshi wakati wewe unawasha, na atakuvuta shati ukianza kulipenda gari mapema.
- Leseni yako, na uhakika kwamba bima inakuruhusu kuliendesha gari la mtu kwa majaribio.

Hatua

1. Chagua aina ya gari kabla ya kuchagua gari. Muulize fundi wako maswali mawili: ni modeli gani zinarudi gereji kila mara, na ni zipi spea zake zinapatikana bila kuagizwa mbali? Majibu hayo yana thamani kuliko tangazo lolote. Modeli ya kawaida iliyotunzwa inaishinda modeli ya kifahari iliyochoka, hasa kwa sababu bei ya gari la kifahari hushuka lakini bei ya spea zake haishuki nalo.

2. Piga simu kabla ya kufunga safari. Uliza: Hati ina jina lako? Umekaa nalo muda gani? Kwa nini unaliuza? Limewahi kugongwa au kupakwa rangi? Kuna kumbukumbu za matengenezo? Kisha malizia na haya mawili: naomba nilikute halijawashwa, na nitalipeleka kwa fundi wangu. Akikataa moja kati ya haya ya mwisho, aga kwa adabu ukate simu. Umeokoa nauli.

3. Nenda mchana, pakiwa pakavu. Mvua huficha mikwaruzo, na taa za usiku hufanya rangi zote zifanane. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto na jua halijaipiga, gari limewashwa kabla hujafika.

Hapa ndipo nilipoangukia mimi na gari langu la kwanza. Nilifika jioni, injini inanguruma taratibu, muuzaji akasema ametoka dukani sasa hivi. Asubuhi ya kesho yake, baridi ikiwa imeingia, injini ile iligonga kama mtu anapiga bati kwa nyundo. Injini iliyochoka husema ukweli dakika ya kwanza baada ya kuamka. Ikishapata moto, oili na vyuma vilivyotanuka huziba mengi. Kwa hiyo ukiikuta ya moto, kunywa maji, subiri saa kadhaa au rudi siku nyingine.

4. Soma karatasi kabla ya kusoma gari. Watu hufanya kinyume. Wanalipenda gari kwanza, halafu wanazitafutia karatasi udhuru.

Jina kwenye hati ya umiliki lilingane na kitambulisho cha aliyesimama mbele yako. Namba ya chasisi iliyo kwenye hati ilingane na ile iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. Hutafutwa chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye nguzo ya mlango, au ndani ya chumba cha injini. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki humo kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Ukiziona, kuna tatizo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, hilo lisikushtue. Kinachopaswa kukushtua ni alama za tupa, rangi mpya juu ya namba, au kibati chenye riveti zisizofanana.

Uliza pia kama gari lina mkopo, kisha uthibitishe kwenye ofisi inayosajili magari. Gari lililowekwa rehani linaweza kufuatwa hadi kwako hata kama ulilipa kila senti.

5. Lizunguke gari mara mbili. Mara ya kwanza ukiwa mbali hatua tano. Je, limekaa sawa au limelala upande mmoja? Je, mlango mmoja una rangi iliyokolea kidogo kuliko jirani yake?

Mara ya pili, karibu. Fuata kwa kidole nafasi kati ya milango, boneti na mabampa: upana uwe ule ule upande wa kushoto na wa kulia. Pitisha sumaku taratibu pembeni mwa milango na juu ya magurudumu. Pale inapoacha kushika kwenye bati la chuma, chini ya rangi kuna puti ya kuzibia mabonde, yaani lile lipu la mafundi wa bodi. (Mabampa ni ya plastiki na baadhi ya maboneti ni ya aluminiamu, hayo sumaku haishiki hata yakiwa mapya.) Angalia rangi iliyorukia kwenye mipira ya milango. Fungua boneti utazame boliti za bawaba zake: rangi iliyochubuka kwenye boliti maana yake spana imepita hapo, na watu hawafungui boneti kwa kujifurahisha.

Kupakwa rangi tena si dhambi yenyewe. Kukwaruzwa kwenye maegesho ni maisha. Unachotafuta ni ajali iliyofika kwenye chasisi. Kwa hiyo inua zulia la buti, utazame pale linapolala tairi la akiba. Bati lililokunjamana, kulehemu kusiko nadhifu au silikoni mpya pale ni sababu ya kuondoka.

Matairi yanasema mengi. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kina cha mifereji kisiwe chini ya milimita 1.6, na hapo tayari unahesabu bei ya tairi jipya. Lililoliwa upande mmoja linakwambia magurudumu hayajanyooka, au kuna bushi (mipira inayokaa kwenye viungo) na viungo vya chini vilivyokwisha.

6. Fungua boneti, injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa tishu, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Rangi ya kahawia, hata iliyokolea, ni kawaida, na ya diseli huwa nyeusi upesi. Rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kahawa ni habari mbaya: maji yameingia kwenye oili. Funga boneti, nenda nyumbani.

Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake. Utando mwembamba wa povu unaweza kuwa unyevu tu kwa gari linalokwenda safari fupi fupi, ila matope mazito meusi ni dalili kwamba oili haikubadilishwa kwa wakati. Kisha maji ya rejeta: yawe na rangi yake safi, si kutu, wala mafuta yasielee juu.

*Onyo:* usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yale yako chini ya presha, yatakurukia usoni. Na injini iliyooshwa ikang'aa kama sahani isikufurahishe. Vumbi kavu ni rafiki yako, kwa sababu huonyesha oili inapovuja.

Uliza kuhusu mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni ndani ya injini. Injini zenye mkanda hutaka ubadilishwe kwa kipindi kilichowekwa na mtengenezaji, mara nyingi karibu na kilomita 100,000, ingawa zipo za chini na za juu ya hapo. Ukikatika njiani, kwenye injini nyingi vali hugongana na pistoni na injini huharibika papo hapo. Hakuna risiti ya kuubadilisha? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na uipunguze gharama hiyo kwenye bei. Injini nyingine zina mnyororo badala ya mkanda, fundi atakwambia.

7. Washa. Geuza swichi bila kuiamsha injini. Taa za dashibodi ziwake: ya injini, ya oili, ya betri, ya mifuko ya hewa, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukishika breki). Ukishawasha, zizimike baada ya sekunde chache. Taa inayobaki ni tatizo linalojulikana. Ambayo haikuwaka kabisa ni mbaya zaidi, kwani huenda mtu amechomoa balbu ili usijue.

Sasa mwenzako aliye nyuma afanye kazi yake. Mvuke mweupe mwepesi unaoisha baada ya dakika chache ni kawaida. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, huo pengine hutibika lakini si wewe wa kuamua. Ukikanyaga mafuta baada ya injini kukaa dakika kadhaa bila mwendo na wingu la buluu likatoka, usijadili bei.

8. Ndani. Kilomita kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma, kwa hiyo ziulize pedali. Gari la kawaida hukimbia kama kilomita 10,000 hadi 20,000 kwa mwaka. Likiwa na miaka kumi na mita inasoma 45,000, huku mpira wa pedali ya breki umelika, usukani umeng'aa na kiti cha dereva kimebonyea, amini pedali.

Vuta mkanda wa usalama wote hadi mwisho. Mstari wa tope au madoa sehemu ambayo huwa imejikunja ndani ni alama ya gari lililozama. Nusa zulia, papasa chini yake, mulika reli za viti utafute kutu. Gari la mafuriko linaweza kutembea vizuri miezi kadhaa kabla nyaya zake hazijaanza kuoza moja moja. Mengine, vioo, redio, kiyoyozi, honi, wipa, jaribu kila swichi na uandike isiyofanya kazi. Hayo ni ya kupunguzia bei tu.

9. Endesha wewe, dakika ishirini au zaidi, redio ikiwa imezimwa. Muuzaji anayeongea bila kupumua muombe anyamaze kidogo, unasikiliza gari.

Ukiwa umesimama, kata usukani hadi mwisho kisha uzunguke polepole. Mlio wa tak-tak-tak unatoka kwenye viungo vya ekseli vinavyozungusha magurudumu. Kwa gari la gia za mkono, ukiwa gia ya nne kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta kwa nguvu: injini ikipiga kelele lakini mwendo haupandi, klachi inateleza. Kwa otomatiki, kanyaga breki, toa P kwenda R, kisha D. Isichelewe, isiruke kwa kishindo. Giaboksi ya otomatiki ndiyo ninayoiogopa kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, maana kuitengeneza kunaweza kula nusu ya bei uliyonunulia. Ikisitasita mara mbili, mimi huondoka.

Kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na watu, legeza mikono kidogo kwenye usukani bila kuuachia. Gari lisivute upande. Angalia nyuma, kisha shika breki kwa uthabiti: likivuta upande, au pedali ikitetema chini ya mguu, diski au breki zinahitaji kazi. Usukani ukitetema kwenye mwendo wa kilomita 80 na zaidi, anza na balansi ya magurudumu, ni jambo dogo. Pita kwenye matuta ukisikiliza kugonga chini.

Ukirudi, acha injini ikiunguruma na kiyoyozi kikiwaka, tandika kadibodi chini. Sindano ya joto isipande kupita pale ilipokuwa imetulia. Matone ya maji masafi upande wa abiria ni ya kiyoyozi. Matone ya rangi yoyote ni ya kuulizwa.

10. Mpe fundi. Kama limevuka hatua zote hizo, sasa ndipo unalipa. Apandishe gari juu, atazame chasisi, bushi, shokapu na uvujaji, apime kompresheni akiona haja, na alipime kwa kompyuta. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na ya petroli Ulaya kuanzia 2001, yana soketi ya OBD-II, yaani tundu la kuchomekea kompyuta ya kupimia, chini ya usukani.

Mwombe asiangalie makosa yaliyohifadhiwa peke yake, bali pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Muuzaji mjanja hufuta makosa asubuhi ya siku unayokuja, na skana inaonyesha safi. Lakini kufuta huko kunarudisha majaribio yale mwanzo, na huchukua siku kadhaa za kuendesha kukamilika tena. Kompyuta safi ambayo haijakamilisha majaribio imefutwa juzi, au betri ilichomolewa. Kwa haibridi na magari ya umeme, kipimo cha hali ya betri kubwa ni lazima, na kifanywe na fundi wa magari hayo.

11. Bei na malipo. Nenda na orodha ya fundi yenye gharama kwa kila kitu. Usiseme "punguza bwana", sema "matairi manne ni kiasi hiki, mkanda ni kiasi hiki". Andikeni mkataba wenye majina, namba ya chasisi, kilomita, bei, tarehe na saa, kisha shahidi wa kila upande atie sahihi. Lipa kupitia benki au njia yenye kumbukumbu, kwa jina lile lile lililo kwenye hati. Anzeni uhamisho wa umiliki siku hiyo hiyo. Funguo zote, zikiwamo za akiba, zitoke mkononi mwake kabla ya pesa kumalizika.

*Onyo:* usitume kamwe "pesa ya kushikilia" kwa gari ambalo hujaligusa.

Ukikwama

*"Kuna mteja mwingine anakuja saa kumi."* Mwache aje. Mteja huyo yupo kwenye kila gari nililowahi kwenda kuangalia.

*Hati ina jina la mtu wa tatu, muuzaji anasema ni la kaka yake.* Kaka aje mwenyewe na kitambulisho, au iletwe idhini ya maandishi iliyothibitishwa kisheria. Nje ya hapo unanunua maneno.

*Mafundi wawili wametofautiana.* Mwambie kila mmoja akuonyeshe kwa kidole anachokisema. Kinachoonekana, kinachovuja au kinachocheza mkononi kina uzito kuliko "ninavyohisi".

*Limefaulu kila kitu ila injini ya asubuhi sikuiona.* Basi halijafaulu. Rudi kesho saa moja.

*Nimeshanunua, taa ya injini imewaka wiki hiyo hiyo.* Ikiwaka bila kupepesa na gari linatembea kawaida, lipeleke likapimwe siku mbili tatu hizi. Mara nyingine ni kifuniko cha tangi la mafuta hakijafungwa vizuri. Ikipepesa, punguza mwendo na usimame mahali salama: injini haichomi mafuta sawasawa, na kuendelea kutaharibu kichujio cha moshi ambacho ni ghali. Taa nyekundu ya oili au sindano ya joto kwenye nyekundu ni zima papo hapo, ita gari la kuvuta. Kwa vyovyote vile, wiki hiyo ya kwanza badilisha oili na filta zake, na uandike kilomita za siku hiyo kwenye kikaratasi ubandike pembeni mwa mlango.